Kirusi Juu ya Duka la Viatu

Nilianza kujifunza Kirusi kwa sababu ya ini la ng'ombe. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nafanya kazi katika kichinjio kimoja cha Dagoretti, na kazi yangu ilikuwa kugonga muhuri wa wino wa zambarau kwenye nyama iliyokwisha kukaguliwa. Asubuhi moja mkaguzi wetu, mtu mpole aliyezoea kusema kwa sauti ya chini kama yuko wodini, alipasua ini mbele yangu akanionyesha minyoo iliyojikunja ndani yake kama majani madogo yaliyolowa maji. Akanieleza jinsi minyoo hiyo inavyotoka kwa konokono wa majini, ikapanda kwenye nyasi, ikaliwa na ng'ombe. Nilimwuliza maswali mengi mpaka akaweka kisu chini.

Aliniambia kwamba mtu mwenye maswali kama yangu angefaa kuwa daktari wa mifugo. Urusi, alisema, ilikuwa inachukua vijana wetu kwenda kusoma bure, ila siku hizo walimpendelea yule aliyekwisha kuanza lugha yao hapa hapa Nairobi. Alijua mahali walipokuwa wakifundisha. Akanichorea ramani kwenye karatasi ya kufungia nyama.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru. Mtu akikuambia wakati huo kwamba unaweza kuwa daktari, hukumcheka.

Darasa lilikuwa chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la viatu, si mbali na River Road. Tulikutana Jumatano saa kumi na moja jioni na Jumamosi saa nane mchana. Jumatano ya kwanza nilitoka kazini moja kwa moja. Nilikuwa nimeoga kwa sabuni ya dawa, nikabadilisha shati, lakini harufu ya kichinjio haitoki kwa sabuni. Nilipoketi, wasichana wawili waliokuwa makarani wa ofisi fulani walisogeza viti vyao taratibu, wakijifanya wanatafuta mwanga. Mwalimu akaenda akafungua madirisha yote mawili. Nilikaa nikatazama vidole vyangu vyenye wino wa zambarau na nikafikiri kuondoka, na ningeondoka kama ningejua njia ya kutoka bila kupita mbele ya wote.

Mwalimu alikuwa mama wa Kirusi wa makamo, mfupi, mwenye nywele za kijivu alizozikata kama za mwanamume. Tulitegemea kwamba angetufundisha kwa Kiingereza. Badala yake alifungua mdomo ukatoka Kiswahili ambacho sisi wa Nairobi tulikuwa tumekisikia redioni tu. Alikuwa amekisomea kwao, chuoni, miaka mingi kabla hajaikanyaga Afrika, na alikisema kama mtu anayetembea juu ya sakafu iliyopigwa deki, kwa uangalifu, bila kuteleza hata mara moja.

Wiki ya pili sikukiona kitabu changu cha kuandikia mezani. Nikainua mkono nikamwambia, "Mwalimu, kitabu yangu imepotea."

"Kitabu changu kimepotea," akasema.

Nikadhani na chake pia kimepotea, nikampa pole.

Darasa zima lilicheka. Yeye hakucheka. Alirudia polepole, "Changu. Kimepotea," akinitazama mpaka nikaelewa. Basi ikawa hivyo kwa mwaka mzima na zaidi: tulikwenda pale kushindwa na Kirusi, na tulipokuwa tukieleza kwa nini tumeshindwa, tulishindwa na Kiswahili pia. Wengine waliona raha. Mimi niliona uchungu. Nililelewa Mutuini, nyumbani tulisema Kikuyu, Kiswahili nilikiokota sokoni na kazini, na sikuwa nimewahi kufikiri kwamba ipo siku Mzungu angenisahihisha lugha ambayo nilidhani ni yetu. Nilirudi nyumbani jioni ile nikiwa na hasira, na hasira ile ilikuwa na ukweli ndani yake, na ndiyo sababu haikupoa upesi.

Herufi zao zilinitesa. Zile ambazo hujawahi kuziona si tabu, unazikariri kama sura za watu wapya. Tabu ni zile unazozijua. B si B, husomwa V. H husomwa N. P husomwa R, na C husomwa S. Nilikuwa nimepigwa viboko vya kutosha shuleni kwa ajili ya herufi hizo hizo, zikakaa, na sasa naambiwa zimebadilika. Tena ipo moja isiyo na sauti yake kabisa, kazi yake ni kulainisha herufi iliyotangulia. Mwalimu alituambia tusikilize tofauti. Alisema neno mara mbili, gumu na laini. Sisi tulisikia neno moja mara mbili.

Kisha miisho ya maneno. Jina la kitu hubadilika mkia kulingana na unalofanya nacho: ukikiona, ukikikosa, ukimpa mtu, ukienda nacho. Mtu mmoja alilalamika kwamba lugha gani hii, mwalimu akamjibu kwamba yeye naye alipofika kwenye ngeli za Kiswahili alilia bwenini wiki nzima. Alisema bila tabasamu, kama anayetoa taarifa. Kitabu kilikuwa kimoja kwa watu watatu, kwa hiyo aliyekaa katikati ndiye aliyesoma vizuri, na aliyekaa kulia aliona nusu ya kila ukurasa. Nilisoma masomo kumi ya kwanza kwa nusu.

Jirani yangu kwenye kile kitabu alikuwa fundi wa saa kutoka upande wa magharibi mwa nchi. Alikuwa na meza ndogo kwenye baraza ya duka moja mjini, na alikuwa amepanga chumba Kawangware. Alinizidi miaka kumi hivi. Hakuwa akitafuta nafasi ya kusoma. Alikuwa amewahi kutengeneza saa ya Kirusi iliyomshinda kila fundi, akaipenda, na akataka kusoma maandishi madogo yaliyokuwa nyuma yake. Hiyo tu. Alikuwa na sauti nzito ya kwaya na sikio lililonasa kila kitu. Ile tofauti ya gumu na laini, yeye ndiye aliyeisikia wa kwanza.

Jumamosi tulikuwa tukirudi naye kwa miguu, kupitia Hurlingham mpaka Kawangware, na mimi nikaendelea peke yangu hadi Mutuini. Tulifanya mazoezi njiani. Warusi wana neno moja la kwenda kwa miguu na lingine la kwenda kwa chombo, na kila moja lina pacha wake wa kwenda na kurudi, na mwanafunzi hulazimika kuchagua kabla hajamaliza kupumua. Fundi alisema sisi tumerahisishiwa mtihani, tukariri la miguu tu, lile lingine tuwaachie wenye magari. Tulicheka mpaka bibi mmoja wa Kizungu aliyekuwa akikata maua kwenye ua wake akasimama kututazama. Fundi akamsalimu kwa Kirusi, akavua na kofia. Nadhani bibi yule alifunga lango lake kwa komeo siku hiyo. Ninapozikumbuka Jumamosi zile, bado zinanichangamsha, na si mambo mengi ya miaka ile yanayonichangamsha.

Kulikuwa na siku nyingine njema, nayo ilitokana na harufu yangu. Mwalimu alitaka kutufundisha viungo vya mwili. Akaniita mbele, akasema mwanafunzi huyu anavijua kuliko sisi sote, kwa hiyo mimi nitaje kwa Kiswahili na yeye atataja kwa Kirusi. Nikasimama pale, nikataja. Ini, moyo, figo, mapafu, wengu, utumbo mpana, utumbo mwembamba. Yeye akanijibu moja moja, akiandika ubaoni. Figo, alisema, ni *pochka*, na neno hilo hilo ni chipukizi la mti linapotaka kufunguka. Mapafu wanayaita mepesi. Nikasema ni kweli, ukiyatupa kwenye maji huelea, sisi huyatupa kila siku. Aliniuliza kama nimeyaona kwa macho yangu. Nikasema nayaona kila asubuhi kabla ya chai. Akaniangalia kwa namna tofauti, na wale wasichana wawili nao wakaandika nilichosema. Nilirudi kwenye kiti changu nikiwa mtu mzima.

Nimesema nililelewa Mutuini. Baba alikuwa amefariki nikiwa shule ya msingi, mama akabaki na shamba la ekari mbili na mimi. Alilima, akafuga ng'ombe wawili wa maziwa, na maisha yake mengine yote yalikuwa kanisani. Alikuwa katika chama cha akina mama, wale wanaovaa kitambaa cha kichwa cha rangi moja siku ya ibada, na hakuna nguo aliyoitunza kama kitambaa kile. Nilipomwambia ninajifunza Kirusi aliuliza kama watu hao wanajua kufuga ng'ombe. Nikamwambia wanajua. Akasema basi.

Karibu na Krismasi mwalimu alituletea mkate mweusi aliouoka mwenyewe. Ulikuwa mzito na mchachu, na wengi waliuficha mifukoni. Mimi nilipeleka kipande changu nyumbani. Mama alikionja akiwa amesimama, akatafuna kwa muda mrefu, akasema ni chakula cha mtu aliyeadhibiwa. Kisha akakimaliza. Akaniuliza unaitwaje kwa lugha yao. Nikamwambia, *khleb*. Alijaribu. Kikuyu hakina hiyo L, wala hakiruhusu konsonanti zisongamane hivyo, kwa hiyo ikatoka "hirebu." Nikamsahihisha kama nilivyosahihishwa mimi, tena na tena, na kila mara ikatoka hirebu, mpaka tukaketi chini kwa kucheka. Kwa wiki nzima baada ya hapo, mkate wa kawaida wa dukani nao uliitwa hirebu kwetu.

Wakati tukicheka hivyo, alikuwa tayari amekwisha kuadhibiwa, na mimi sikujua.

Nilikuwa nimeona kwamba havai kitambaa chake. Nilipomwuliza mara ya kwanza alisema kimefuliwa hakijakauka. Mara ya pili alisema rangi imefifia anangoja kingine. Mimi sikuwa mtu wa kufuatilia mambo ya vitambaa. Tena Jumapili nyingi nilibaki nyumbani nikikariri, kwa sababu Jumapili ndiyo zamu yangu ya kukaa na kitabu tulichogawana.

Jumapili moja ya Meza ya Bwana nikaenda kanisani, nikaketi nyuma na vijana. Mchungaji alipomaliza mahubiri akawaomba wasioshiriki watoke nje kwa utulivu, kama ilivyo desturi. Wakatoka watoto, wakatoka wale ambao hawajabatizwa, akatoka mtu mmoja aliyeoa wake wawili. Na mama yangu akainuka kwenye benchi la katikati, akajifunga shuka vizuri, akatoka pamoja nao. Alipita karibu na mimi. Hakuinama wala hakunitazama. Alitembea kama mtu anayekwenda kufungulia ng'ombe maji.

Nilimkuta nje ameketi kwenye jiwe. Akasema alishikwa na kizunguzungu. Nikajua ni uongo, kwa sababu mama hakujua kusema uongo, aliutoa haraka kama kitu cha moto.

Jirani yetu, mama mmoja aliyekuwa rafiki yake tangu ujana, ndiye aliyenieleza siku iliyofuata tukikata nyasi za ng'ombe. Miezi saba kabla ya hapo, mzee wa kanisa wa eneo letu alikuja kwetu na wazee wenzake wawili. Walikuwa wamesikia kwamba mwana wa nyumba hii anasomeshwa na watu wasiomwamini Mungu. Wakampa mama njia mbili: anitoe darasani, au arudishe kitambaa na akae nje ya Meza ya Bwana mpaka hapo nitakapotoka. Mama aliwaomba wangoje. Wakadhani anafikiri. Aliingia ndani, akawasha makaa, akakipiga kitambaa pasi, akakikunja mara nne, akatoka nacho akampa mzee wa kanisa kwa mikono miwili. Kisha akawauliza kama watakunywa chai.

"Na alituambia sisi wote," jirani akasema, "yule atakayemwambia kijana wangu, hatanijua tena."

Nilitupa panga kwenye nyasi nikaenda nyumbani. Mama alikuwa akikamua. Nikamwambia ninaacha darasa, ninakwenda sasa hivi kwa yule mzee nimwambie nimeacha, na tena nimwambie na mengine. Hakugeuka. Aliendelea kukamua mpaka ndoo ikafika alipotaka, akainuka akaniuliza, "Umefika wapi katika hicho kitabu?"

"Somo la kumi na saba."

"Yako mangapi?"

"Ishirini na manne."

"Basi maliza," akasema, akapita na ndoo yake.

Nilimaliza. Nilisoma masomo saba yale kwa chuki ambayo hakuna mwalimu anayeweza kuifundisha. Nilikariri mikia yote ya maneno nikikata nyasi, nikigonga mihuri, nikipanga foleni msalani. Nilitamani nimchukie mwalimu pia, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa sababu, lakini alikuwa mwalimu mzuri na sikuweza. Nilimwambia siku moja kwamba mama yangu ametengwa kanisani kwa ajili yangu. Alipangusa ubao ambao ulikuwa safi. Kisha akasema bibi yake alikuwa na picha takatifu aliyoificha ndani ya pipa la unga. Akaanza somo. Hatukuzungumza habari hiyo tena.

Nilifanya usaili wa nafasi ya kusoma udaktari wa mifugo. Watu watatu nyuma ya meza, wawili Warusi na mmoja wetu. Waliniuliza kwa Kirusi kwa nini nataka kazi hiyo, na nikawajibu kwa Kirusi habari ya ini na konokono. Nilikosea mikia kadhaa, niliisikia ikianguka, lakini waliitikia kwa vichwa. Baada ya majuma machache nikapata barua kwamba nimechaguliwa. Mama aliiweka ndani ya Biblia. Ilikuwa imebaki pasipoti.

Hapo ndipo siasa ikageuka. Wakubwa wakagawanyika, wengine wakaitwa watu wa Mashariki na wengine watu wa Magharibi, na kitu chochote chenye harufu ya Urusi kikaanza kuogopwa. Mimi sikujua lolote la mambo hayo, nilijua minyoo ya ini. Nilikwenda kuulizia pasipoti nikaambiwa fomu inaangaliwa. Nikaenda tena, inaangaliwa. Karani mmoja, aliyechoka kuniona, alinishauri kwa upole nitafute kitu kingine cha kufanya na maisha yangu.

Darasani viti vikaanza kubaki wazi. Wale wasichana makarani waliacha wa kwanza, kwa sababu mkubwa wao wa kazi aliwaambia wachague. Kisha fundi wa saa. Watu wawili waliovaa makoti walisimama kwenye meza yake, wakampa saa isiyo na ubovu wowote, na alipokuwa akiifungua wakamwuliza anajifunza Kirusi ili aongee na nani. Aliwaambia ili asome saa. Hawakumwamini, na unaweza kuona kwa nini. Alinieleza haya akiwa amesimama nje ya lile duka la viatu, hakutaka kupanda ngazi. Alisema ana watoto wanne nyumbani, nimwelewe. Nilimwelewa. Tuliagana kwa Kiswahili, na akashika njia ya kwenda kituo cha basi. Jumamosi zile zikaisha hivyo.

Tulibaki watatu, kwa hiyo kila mmoja akawa na kitabu chake. Nilikuwa nimekingoja kitabu kizima mwaka mzima na nusu, na sasa nilichukia kukiona.

Jumatano moja nikafika nikakuta mlango umefungwa kwa kufuli jipya. Nilikaa kwenye ngazi karibu saa nzima nikidhani mwalimu amechelewa, ingawa hakuwa amewahi kuchelewa hata dakika moja. Mwenye duka la viatu akapanda akaniambia wamehama, walibeba viti na ubao tangu juzi, na yule mama ameondoka nchini. Nikamwuliza kama ameacha ujumbe wowote. Akafikiri kwa uaminifu kabisa. Akasema hapana, ila alimlipa kijakazi wake vizuri.

Sikwenda Urusi. Ile pasipoti sijui kama bado inaangaliwa. Mama alirudishwa kanisani mwaka uliofuata, si kwa kuombwa radhi, ila kwa kuwa sababu ya kumtenga ilikuwa imekwisha. Alirudi akaketi benchi lake lile lile. Mimi sikuweza kurudi. Nilimsindikiza hadi langoni kila Jumapili na kumngoja nje, mtu mzima mwenye afya, nikiketi kwenye mawe pamoja na watoto.

Nilibaki kichinjioni. Kufikia miaka ya sabini nilikuwa msaidizi wa mkaguzi, nikaoa, nikajenga nyumba ya mawe ya vyumba viwili kando ya ile ya mama. Kirusi kilikuwa kikinitoka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Nilikifungua kile kitabu mara moja moja nikasoma ukurasa kwa sauti, kisha nikaudhika nikakirudisha.

Kisha yule mzee wa kanisa akaja.

Alikuja mchana wa Jumamosi, amevaa koti, amezeeka. Mama alimkaribisha nyumbani kwangu, akaenda jikoni kupika chai. Mzee akaniambia mwanawe amepata nafasi ya kusoma uhandisi huko Urusi. Alisema kanisa limemwombea wiki mbili mfululizo na mchungaji mwenyewe atamsindikiza uwanja wa ndege. Lakini ilikuwa imekuja barua kutoka chuoni, ndefu, yote kwa Kirusi, na mtu wa kuisoma hajapatikana. Akanikumbuka mimi.

Nilimwangalia nikingoja aseme jambo moja. Alitazama ukuta. "Siku hizi mambo ni tofauti," akasema. Basi hilo ndilo lililokuwa lote.

Nikachukua ile barua. Ilikuwa kurasa tatu zilizopigwa chapa. Nikaanza kuisoma kwa sauti, kwa Kirusi, tangu salamu. Sikutafsiri. Mwanzoni aliinama mbele akingoja, nami nikaendelea. Maneno yalirudi kwa nguvu ambayo sikuitegemea, magumu kwa laini, mikia yote. Nilifika ukurasa wa pili. Alianza kugeuza kofia yake mikononi. Mimi nilisoma habari za bweni na nguo za baridi na vipimo vya damu kama ninayesoma hukumu. Nilikuwa na furaha, sitaficha. Ilikuwa furaha kubwa kuliko ile ya kufaulu usaili.

Nilipomaliza ukurasa wa tatu sauti ya mama ikatoka mlangoni. Alikuwa amesimama na birika, na sijui alikuwa amesimama kwa muda gani.

"Mwambie inasema nini."

Nikamwambia. Tarehe ya kuripoti, nguo za kubeba, karatasi za daktari. Mzee akaandika yote kwenye daftari dogo. Alipokunywa chai yake akaniomba jambo la pili: mwanawe alikuwa na miezi mitatu kabla ya kuondoka, kama ningeweza kumfundisha kidogo, angalau herufi, asifike akiwa kipofu.

Nikamwambia hapana. Sikutoa sababu. Akashukuru kwa chai, akaomba baraka kwa nyumba, akaondoka.

Mama alikusanya vikombe. Nilidhani yuko upande wangu. Alipofika mlangoni akasimama, akaniambia kwa Kikuyu, kwa sauti ya chini, "Sikukaa nje ya kanisa muda wote ule ili ujifunze kumtesa mzee wa watu." Hakunisemesha kwa siku nne. Chakula alinipa.

Yule kijana alikwenda bila kujua hata herufi moja. Nilisikia kwamba mwaka wake wa kwanza ulikuwa mbaya, alifeli akarudia, akaandika nyumbani kwamba anataka kurudi. Mwishowe alimaliza, akarejea mhandisi, akajenga. Tunasalimiana tukikutana sokoni Dagoretti. Yeye hana habari ya lolote, na ni mtu mzuri.

Mama alifariki akiwa bado anadhani nilikosea. Mimi nimejaribu kujuta. Nimejaribu hasa siku za Jumapili, kwa ajili yake, na sijaweza.